Sikumuuliza

Tandika, Dar es Salaam
6 Machi 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini goti limetulia na mvua za Masasi hazijaliharibu paa la jikoni. Mie mzima. Nakula vizuri, nalala kidogo. Korosho ulizotuma nimezipokea kwa kondakta wa basi pale Rangi Tatu. Alikuwa ameshafungua mfuko akazionja, na hakuona haya kuniambia kwamba za mwaka huu ni nzuri kuliko za mwaka jana.

Unalalamika kwamba siku hizi nakuandikia badala ya kupiga. Naandika kwa sababu simu yako inasikika kwa spika tu, na mambo ya hospitali sitaki yasikilizwe na wateja wote wa duka la Jamali hapo jirani yako.

Jumatatu nimeanza rotesheni, yaani zamu ya mafunzo, ya dawa ya usingizi. Ni wiki nne, na ndiyo ya mwisho kabla ya mitihani ya kumaliza. Mkuu wetu ni Dokta Lusungu, mtu wa Mbeya, anaongea taratibu hadi unamsogelea ili umsikie. Siku ya kwanza alitwambia kwamba kumlaza mtu hata nyundo inaweza, kazi yetu sisi ni kumwamsha. Siku ya pili akanisimamisha kichwani pa mzee mmoja, akaniwekea vidole nyuma ya kona za taya, akasema shikilia hapo, ukiachia ulimi utaziba koo. Nilishikilia dakika arobaini. Mikono ilikufa ganzi lakini sikuachia.

Kazi yangu ya asubuhi ni fomu. Saa kumi na mbili nakwenda wodini kuwauliza wanaopasuliwa siku hiyo: uzito, dawa zinazomdhuru, meno ya bandia, mara ya mwisho kula. Maswali ni kumi na matatu kwa kila mgonjwa, na wagonjwa hufika hata tisa. Sista Lulu wa wodi ya wanawake amenionea huruma, akanifundisha njia ya mkato. Waislamu mwezi huu wamefunga, kwa hiyo pale kwenye chakula unapiga tiki tu na kusonga mbele. "Mwezi huu Mungu anatusaidia kazi," anasema. Mwenzangu Jonas bado anauliza moja moja kama karani wa sensa, na kila siku anachelewa. Jana Dokta Lusungu kaniambia mbele ya watu kwamba mie ni mwepesi. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Mwanao,
Herieth


Masasi
11 Machi 2025

Mwanangu Herieth,

Milele amina. Marahaba. Goti lipo palepale, halijanihama na mimi sijalihama. Paa limevuja mahali pawili, nimeweka masufuria.

Kondakta huyo mwambie mwaka huu nimezihesabu.

Huyo Sista Lulu namfahamu ingawa sijawahi kumwona. Kila wodi ina Lulu wake. Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na moja, na miaka mingi kati ya hiyo Lulu nilikuwa mimi. Bila kina Lulu, wagonjwa wasingefika thieta ya upasuaji kabla ya saa sita mchana. Mshike vizuri, atakusaidia. Na huyo daktari wako usibishane naye. Hospitalini mwanafunzi anatakiwa kuwa na macho mawili, masikio mawili, na mdomo awe ameuacha nyumbani.

Wanakwaya nimeshawaambia kwamba Desemba unavaa joho. Wameshanunua kitambaa cha sare za safari, cha kijani, mimi sikukipenda lakini kura zilinishinda. Tangu mama yako atangulie sijawahi kupanda basi kuja Dar kwa jambo la furaha. Hili ndilo la kwanza.

Kula vizuri.

Mama yako mkubwa,
Rosalia


Tandika
20 Machi 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Goti lako leo sitaliuliza, unisamehe.

Jumatatu, tarehe kumi na saba, mgonjwa wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi Chausiku. Ana miaka hamsini na mbili, anauza supu ya kongoro karibu na machinjio ya Vingunguti, na goita amekaa nayo miaka kumi na moja. Nilifika kitandani kwake saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alikuwa amefumba macho, tasbihi mkononi, anavuta uradi. Sikutaka kumkatiza. Nilijaza fomu kwa kutazama jalada lake, na kwenye chakula nikapiga tiki. Niliandika "hajala tangu usiku" na kuweka sahihi yangu chini.

Saa mbili na robo Dokta Lusungu alimpa dawa. Alipomfungua mdomo ili aingize mpira wa kupumulia, chakula kilipanda. Wali na maharage. Kingine kilishuka kwenye mapafu. Oksijeni ya damu ilitoka tisini na nane ikafika hamsini na tisa. Dokta hakupaza sauti. Alivuta uchafu kwa mashine, akaingiza mpira, akampulizia, na namba zikaanza kupanda. Upasuaji haukufanyika. Bi Chausiku yuko chumba cha mahututi, anapumua kwa mashine, leo siku ya nne.

Daku alikula saa kumi alfajiri. Mwanawe Nassibu alimletea kwenye hotipoti, kwa sababu mama alikataa kuacha mfungo hata siku ya operesheni. Tangazo la kutokula baada ya saa sita usiku hutolewa jioni mlangoni pa wodi kwa sauti. Jioni ile lilitolewa wakati Waislamu wote wako uani wanafuturu. Ndiyo maana kuna fomu, ili aliyekosa tangazo aulizwe.

Mama mkubwa, unajua nilikolelewa. Mama Najat wa mlango wa pili alinigongea dirisha saa kumi kasoro robo kila Ramadhani, nikala daku na wanawe, kisha nikaenda shule na saa nne nikala tena. Miaka sita. Darasani kwetu hakuna aliyejua kuliko mie kwamba mwenye saumu alfajiri ameshiba. Nilijua, na bado nikapiga tiki.

Jana Dokta Lusungu kaniita ofisini. Juu ya meza kuna maelezo yameshachapwa: mgonjwa aliulizwa kama amekula, akakana. Sista Lulu ameshasaini. Imebaki nafasi yangu. Amenipa hadi Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na saba, na siku hiyohiyo ndipo anapeleka alama za rotesheni chuoni.

Nilipotoka nikamkuta Nassibu kwenye korido. Walikuwa wameshamwambia kwamba mama yake alikana kula. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa sababu nimevaa koti jeupe, "Mama yangu aseme uongo ndani ya mfungo, sista?"

Nilitazama saa yangu nikampita. Sijawahi kujidharau kama jana.

Nishauri.

Mwanao,
Herieth


Masasi
23 Machi 2025

Herieth,

Nimepokea barua yako leo baada ya misa. Namwombea huyo mama. Sasa nisikilize.

Saini.

Nakwambia hivi kwa sababu hakuna mwingine wa kukwambia. Huyo mama akipona atarudi kwenye supu yake, na karatasi iliyo ndani ya jalada hataisoma maisha yake yote. Wewe karatasi yako itasomwa na kila mtu. Daktari ana kazi yake, Lulu ana wanawe, na wewe una miaka mitano ya kusoma ambayo haikutoka mbinguni. Wote watatu mnaweza kupona kwa mstari mmoja. Katika kazi yangu nimeona maelezo ya namna hiyo zaidi ya kumi. Dunia haikusimama. Sahihi ni wino, mwanangu.

Kama dhamiri inakuuma, katubu kwa padri, ndiyo kazi yake. Halafu baadaye, ukiwa daktari kamili, uliza kila mgonjwa hadi akuchoke. Hayo ndiyo malipo yanayofaa. Kujichoma moto hakumponyi mtu.

Usije ukaandika jina la Lulu mahali popote. Hilo sitakusamehe.

Mama yako mkubwa,
Rosalia


Tandika
28 Machi 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana najua ukiimaliza hutakuwa na furaha.

Sikusaini.

Jumanne walimtoa Bi Chausiku kwenye mashine. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini akili ilikuwa sawasawa. Muuguzi mmoja, sijui kwa kumliwaza au kwa kumkemea, alimwambia kwamba yote yametokea kwa sababu alificha kuwa amekula. Bi Chausiku akasema, "Mniletee huyo aliyeniuliza." Akarudia kila saa. Aliyeleta dawa aliambiwa hivyo, na aliyefagia naye hivyohivyo. Hadi jioni chumba kizima cha mahututi kilikuwa kinajua kwamba bibi wa kitanda cha tatu anamtaka mtu wake.

Nikaenda. Nikamwambia hakuna aliyemuuliza, na aliyepaswa kumuuliza ni mimi.

Alinitazama sana. Akauliza jina langu na ninakokaa. Nikamwambia Herieth, Tandika.

"Unakaa Tandika, na daku hulijui?"

"Nalijua," nikasema. "Nimekula miaka mingi kwa jirani."

"Basi hapo ndipo panaponiuma," akasema, akageukia ukutani.

Mama mkubwa, umeniandikia kwamba sahihi ni wino. Na tiki yangu ilikuwa wino vilevile. Wino huo ndio uliomjaza wali mapafuni. Unasema hataisoma karatasi yake. Kweli, pengine hataisoma. Lakini akirudi thieta, daktari ataisoma, atakuta imeandikwa kwamba huyu ni mwongo, na neno lake halitasikilizwa tena hata akisema maumivu yako wapi. Mie ndiye nimemziba mapafu. Sitamziba na mdomo.

Jana saa nane nilikwenda kwa Dokta Lusungu na karatasi yangu. Ina sentensi tatu. "Mgonjwa hakuulizwa kuhusu chakula. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza na sikumuuliza. Alama iliyo kwenye fomu niliiweka bila kuzungumza naye." Tarehe na sahihi.

Alisoma mara mbili. Akauliza nani alinifundisha kujaza namna hiyo. Nikasema fomu ina sahihi moja na sahihi hiyo ni yangu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya Lulu. Nimemnyamazia kwa sababu tiki ile nilipiga mie, hakuna zaidi. Barua yako haikuhusika.

Akasema taratibu kama kawaida yake, "Ukiandika kwamba hukumuuliza, unaandika kwamba na mimi sikumuuliza."

Nikamjibu, "Ndiyo, dokta. Lakini ya kwako sijaiandika. Nimekuachia."

Alinionyesha mlango. Hakukasirika, au kama alikasirika sikumsikia. Alama zangu zimeshakwenda chuoni leo asubuhi. Nimefeli.

Waambie wanakwaya wasikate kitambaa.

Mwanao,
Herieth


Tandika
3 Mei 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile. Ya Pasaka sijui kama uliipata. Kondakta anasema alikukabidhi mkononi, na kwamba uliipokea bila kusema neno, ukaitia kwenye kanga. Kama ni hivyo basi u mzima, na hilo linanitosha.

Kamati ya chuo imekaa. Waliniuliza maswali muda wa saa moja na nusu. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama kuna mtu wa nje anayenichochea. Nikamwambia yuko Masasi na anachochea upande mwingine. Wawili walicheka. Uamuzi: narudia rotesheni yote Agosti, na Desemba sivai joho, nitamaliza na wa mwaka ujao. Dokta Lusungu kapewa barua ya onyo. Yale maelezo yaliyochapwa yameondolewa kwenye jalada, na yangu yamewekwa. Nimeyaona kwa macho yangu, ukurasa wa kumi na tisa.

Sista Lulu tukikutana anatazama saa yake. Jonas amepata daraja la kwanza, na anastahili.

Sijutii. Naandika hivi ili usije ukadhani unyamavu wako umenilainisha. Nakukumbuka, lakini sijutii.

Mwanao,
Herieth


Masasi
19 Mei 2025

Herieth,

Barua zako zote nimezipata, pamoja na ya Pasaka. Goti limevimba. Paa limezibwa.

Nilikasirika. Kitambaa cha kijani nilikifungia kabatini na wanakwaya nikawaambia una malaria. Halafu wakaanza kukuombea malaria yako kila Jumapili, mimi nimesimama katikati yao naitikia, hadi Jumapili ya tano nikashindwa, nikawaambia ukweli kwamba umefeli kwa kukataa kusaini uongo. Mzee wa besi akauliza, sasa hapo aliyefeli ni nani? Nikafunga kitabu cha nyimbo. Sitaki mzee wa besi anifundishe.

Nilianza kukuandikia mara nne. Kila nikifika mahali pa kukueleza kwamba tiki ni jambo dogo, nilijaribu kukumbuka wangapi niliwapigia mimi bila kuwauliza, kwa miaka thelathini na moja. Kama ningepata hesabu, hata kubwa, ningekuandikia. Sijui. Na waliopatwa na jambo baada ya kutoka mikononi mwangu, hao pia siwajui, kwa sababu karatasi zote zilisema waliulizwa.

Sikuombi radhi. Nilikushauri kama mama, na mama akiona mtoto anakwenda kugonga ukuta humwambia azunguke. Sasa nakuandikia kama muuguzi, na muuguzi anakwambia hivi: rudia. Wakikurudisha tena, rudia tena. Sare za kijani zinaweza kungoja, hazili.

Na ukienda kuuliza, usiulize "umekula?" Mtu aliyeingoja operesheni miaka kumi na moja atakujibu lolote unalotaka ili asirudishwe nyumbani. Kaa chini, macho yenu yalingane. Uliza: "Mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa saa ngapi, na kilikuwa kitu gani?" Halafu nyamaza. Mwache ahesabu mwenyewe. Hili nilifundishwa mwaka wangu wa kwanza na nikaliacha mwaka wa pili.

Korosho nimempa kondakta yuleyule. Nimeushona mfuko kwa uzi mwekundu.

Mama yako mkubwa,
Rosalia


Tandika
11 Septemba 2025

Mama mkubwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma usiwagawie wanakwaya, ni ya kwako. Mie mzima. Uzi mwekundu ulifika haujakatwa, na kondakta alinikabidhi mfuko kama mtu aliyetukanwa.

Nimebakiza wiki moja. Mkuu ni Dokta Lusungu yuleyule. Wiki mbili za kwanza aliniita "mwanafunzi" tu. Fomu zangu alizisoma zote, hata za wagonjwa wasio wake, na kwa mgonjwa ambaye uzito wake haukuandikwa alinirudisha ghorofa mbili kumpima. Sikulalamika. Nilishuka, nikapanda tena.

Jumatatu jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Bi Chausiku. Jonas, ambaye sasa anangoja joho lake, alinipigia usiku wa Jumapili akasema kama naogopa nibadilishane na mtu. Nikamwambia mtu mwingine hamjui kama ninavyomjua mimi.

Nilifika saa kumi na moja na nusu asubuhi. Alikuwa macho. Nilivuta kigoda nikakaa. Akanitazama, akasema, "Wa Tandika." Nikaitikia. Nikamuuliza kama ulivyonielekeza, mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa saa ngapi, na kilikuwa kitu gani. Halafu nikanyamaza.

Alicheka hadi akashika shingo. "Miezi sita umekuwa unalitafuta swali hilo?"

Kisha akahesabu kwa vidole. Saa kumi na mbili jioni wali, kisamvu, na nusu ya samaki changu wa kukaanga, nusu nyingine kampa mjukuu. Saa tatu usiku chai ya rangi na kitumbua kimoja. Alisubiri nimalize, akanyoosha kidole kwenye fomu.

"Kitumbua umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea. Tangu kitumbua hadi dawa ya saa mbili asubuhi palikuwa na muda wa saa kumi na moja, hakuna shaka. Nikampelekea Dokta Lusungu fomu. Alisoma hadi mwisho, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akaniuliza kama nimemuuliza kwa mdomo wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kitumbua kilikuwa saa ngapi. Nikasema saa tatu.

Hakuniamini. Alishika ile fomu, akatoka, akashuka ngazi mwenyewe hadi wodini, mie nyuma yake. Hakuwahi kufanya hivyo Machi, na wala sijawahi kumwona daktari mwingine akifanya. Akasimama kando ya kitanda, halafu akakivuta kigoda changu akakaa. Akamuuliza Bi Chausiku lini alikula mara ya mwisho, na alikula nini.

Bi Chausiku akamwambia ameshaulizwa asubuhi hii, na binti kaandika yote pamoja na kitumbua.

"Najua, mama," Dokta akasema. "Nauliza tena."

Wote wawili walikuwa hawanitazami. Sista Lulu alikuwa mezani kwake na rundo la fomu za wengine. Alizikusanya, akainuka, akaenda kitanda cha kwanza.

Goita imetoka, gramu mia tatu na themanini. Nilishika taya mie. Aliamka saa tano kasoro dakika kumi, na sauti anayo, maana kisu cha goita huweza kuiua. Tumeijua mapema, kwa sababu alianza kudai chai kabla hatujamfikisha wodini, na nilipomkatalia alitaka kujua nani kaniuliza mimi.

Wanakwaya waambie wakate kitambaa. Kijani hichohicho.

Mwanao,
Herieth